Fimbo Haijafika

Mwaka ule reli ya Wadachi ilikuwa imeshafika Dodoma. Anyesi aliamka kila siku kabla ya jua, akapiga magoti kando ya kitanda chake cha ngozi, akasali. Halafu alikamua maziwa, akawasha moto, akafungua zizi. Ng'ombe ishirini na wanane, mbuzi, na punda mmoja mvivu, wote walielekea visimani. Visima vyao vilikuwa kwenye korongo la mchanga, ng'ambo ya kilima, upande wa Mkonze.

Zamani mifugo ilipita juu ya kilima. Wadachi walipotengeneza barabara walikipasua kile kilima katikati, na mapito ya zamani yakaporomoka. Tangu hapo kila kitu kilipita ndani ya Mpasuo: ng'ombe, wapagazi, akina mama wenye vibuyu vya maji, na magari ya maksai yaliyobeba mawe kwenda stesheni. Mpasuo ulikuwa mwembamba. Gari moja likiingia, hapakuwa na nafasi ya mbuzi ubavuni. Tena katikati ulikuwa na kona, hivyo aliyesimama mwanzo hakuweza kumwona aliyesimama mwisho.

Siku moja ya kiangazi, gari la mawe lilikutana na ng'ombe wa Anyesi pale konani. Mumewe, Sostenes, alikuwa mbele ya kundi akijaribu kuwarudisha. Ng'ombe wawili walikufa, na gurudumu likampita Sostenes mguuni.

Kesho yake msimamizi wa barabara alifika kijijini na askari wake. Alikuwa Mdachi mrefu. Watu walimwita Bwana Saa, kwa kuwa hakumaliza maneno matatu bila kutazama saa yake.

"Ng'ombe ndio wenye makosa," alisema. "Nitarudi baada ya siku saba. Nikikuta mifugo na magari bado vinagongana Mpasuoni, nafunga njia kwa miiba. Mifugo yenu itazunguka kilima."

Kila mtu alijua maana yake. Kuzunguka kilima ni mwendo wa tangu asubuhi hadi jua kuzama. Ng'ombe wa kiangazi, mbavu nje, hawezi kwenda hivyo na kurudi. Kufunga Mpasuo kulikuwa ni kuua kundi, na kundi likifa, watoto wangekula nini?

Wazee walitazama chini. Anyesi alisimama.

"Bwana, hatutazunguka."

"Unasema nini?"

"Nasema hatutazunguka. Visima vile tulivichimba kwa mikono yetu. Na kugongana kutakwisha."

"Nani atakomesha kugongana huko?"

"Mimi."

Askari alicheka mpaka kofia ikamtoka. Bwana Saa alitazama saa yake, akapanda nyumbu, akaenda zake.

Siku iliyofuata Mzee Mbaruku alikuja kumjulia hali Sostenes. Alikuwa mtu wa mjini, mnunuzi wa ngozi. Kabla ya biashara hiyo alikuwa mshika bendera kwenye ujenzi wa reli, tangu Morogoro mpaka Dodoma.

"Mbukwa, mama," alisalimia mlangoni.

"Mbukwa, Mzee Mbaruku. Karibu. Kigogo chako bado kinachechemea."

"Kinachechemea kama mimi," Sostenes alisema kutoka kitandani, na wote wakacheka kidogo.

Anyesi alimweleza shida yao. Mbaruku alisikiliza, huku akivuta ndevu zake.

"Kuzuia gari ni kazi ya kujifunza, kama kusuka ukili," alisema. "Si kazi ya nguvu. Una mtu wa pili?"

"Yupo shemeji yangu, Yotham."

"Niitieni huyo Yotham. Na mnitafutie kitambaa chekundu."

Basi mafunzo yakaanza. Mbaruku aliwapeleka Mpasuoni, akamwambia Anyesi asimame anapoona panafaa. Anyesi alisimama katikati ya barabara.

"Umeshakufa," Mbaruku alisema.

"Nimekufaje?"

"Gari la mawe haliwezi kusimama ghafla. Simama pembeni, nje ya alama za magurudumu. Simama mbele ya Mpasuo, mbali kidogo, ili mwenye gari akuone angali na nafasi ya kufunga breki. Na nyuma yako pawe na pa kukimbilia. Usiegemee ukuta."

Anyesi alisogea hatua ishirini.

"Sasa inua kitambaa. Mkono wote, juu kabisa. Mtazame mwenye gari machoni. Usiushushe mkono kwa sababu amepunguza mwendo. Ushushe akiwa amesimama kabisa na njia yake ni salama. Kumruhusu, weka kitambaa chini, umpungie kwa mkono mtupu. Ishara moja iwe na maana moja, leo na kesho."

Walifanya hivyo kutwa nzima. Yotham alikaa upande wa visimani, Anyesi upande wa kijiji. Mkono wa Anyesi ulichoka. Kila alipotaka kuushusha alisema kimoyomoyo, "Bwana Mungu, nishikie huu mkono," naye akauinua tena.

Siku ya tatu walijaribu na ng'ombe wenyewe. Kundi lilikuwa nyuma ya Anyesi, likingoja. Upande wa pili gari la Bushiri, mchukuzi wa mawe, lilikuwa linaingia. Yotham aliona Bushiri hasimami, akasahau kitambaa. Akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi.

Ng'ombe waliusikia. Mluzi ule waliujua tangu wakiwa ndama, nao ni wa kuwaita majini. Kundi zima likampita Anyesi kama maji na kuingia Mpasuoni. Kama Bushiri asingeng'ang'ania breki, msiba ungerudi tena.

Yotham alikuja mbio. "Nilikuwa namzuia Bushiri, shemeji. Wallahi sikuwaita ng'ombe."

"Mkristo gani anaapa wallahi," Bushiri alinong'ona, naye mwenyewe akijifuta jasho.

Mbaruku hakumkemea. "Wafugaji mnaongoza kwa sauti," alisema. "Barabarani sauti inamfika asiyehusika. Hapa tunatumia mkono. Lakini kosa ni langu pia. Nyinyi wawili hamwonani, na sikuwapa njia ya kuambizana kwamba Mpasuo ni mtupu."

Aliomba fimbo ya Sostenes ya kuchungia. Akachana kipande cha kitambaa, akakifunga kwenye ncha yake.

"Fimbo ni hii moja tu. Aliye nayo ndiye anayeweza kufungua upande wake. Ukiruhusu msafara, mtu wa mwisho kabisa anaibeba mpaka kwa mwenzako. Fimbo ikimfika, anajua kwamba wa mwisho ametoka na ndani hakuna mtu. Hapo ndipo anafungua yeye. Kama upande wake hakuna wa kupita, mtu airudishe kwa miguu."

"Na kama haijafika?" Anyesi aliuliza.

"Haijafika."

"Akija mtu mkubwa?"

Mbaruku alimtazama. "Mwanangu, gari la mawe halijui mtu mkubwa."

Siku tatu zilizofuata hapakuwa na ajali hata moja. Wachukuzi walinung'unika, halafu wakazoea. Bushiri ndiye aliyeanza kuuliza akiwa mbali, "Fimbo iko kwa nani?"

Siku ya saba ng'ombe waliingia asubuhi. Mchungaji wa mwisho aliondoka na fimbo. Punde Bwana Saa alitokea upande wa Anyesi, juu ya nyumbu, na askari wake kwa miguu. Anyesi aliinua mkono wenye kitambaa.

Nyumbu alisimama. Bwana Saa alitazama ndani ya Mpasuo. Hakuona kitu. Akatazama saa yake.

"Njia ni tupu. Toka."

"Fimbo haijafika, bwana."

"Fimbo gani? Mimi ndiye mwenye barabara hii."

"Ndiyo, bwana. Fimbo haijafika."

Bwana Saa alimwambia askari neno moja la Kidachi. Askari aliinua kiboko.

"Shusha mkono, mwanamke."

Anyesi alikaza macho barabarani. Kiboko kilimshukia begani, kikachana nguo. Machozi yalimtoka. Aliomba kwa sauti, kwa Kigogo, askari akadhani anatukana. Mkono ulibaki juu.

Askari aliinua kiboko mara ya pili. Ndipo ardhi ikaanza kunguruma. Kona ikajaa pembe, halafu magurudumu, halafu mawe. Lilikuwa gari la Bushiri, jozi nane za maksai, likiteremka na kujaza Mpasuo ukuta kwa ukuta. Nyumbu wa Bwana Saa alirudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa.

Gari lilipita. Nyuma yake alitembea msaidizi wa Bushiri. Alimkabidhi Anyesi fimbo.

Anyesi aliipokea, akashusha kitambaa, akampungia Bwana Saa kwa mkono mtupu.

"Sasa pita, bwana. Ukifika upande wa pili, mpe shemeji yangu hii fimbo. Wewe ndiye wa mwisho."

Bwana Saa alinyoosha mkono. Hakutazama saa. Aliichukua ile fimbo, akapita.

Miiba haikuletwa. Mwezi mzima ulikwisha bila mtu wala mnyama kuumia, na ng'ombe wakanywa kila siku. Ndipo boma la Wadachi likaona kwamba kazi ile haimfai mwanamke wa kijijini. Likamtuma askari aishike. Alikuwa yuleyule mwenye kiboko, na bunduki begani.

"Nimeambiwa nisimame hapa," alisema, bila kumtazama usoni.

"Vizuri. Umefundishwa?"

"Kusimama kuna mafunzo?"

"Hapo uliposimama umeshakufa," Anyesi alisema. "Sogea huku, nje ya alama za magurudumu. Tutaanza leo, na hutashika fimbo mpaka nikuone umeweza."

Askari alitazama huku na huku. Magari matatu yalikuwa yanakuja, na wachukuzi wote walikuwa wakimtazama Anyesi, si yeye. Akasogea.

"Na bunduki weka chini," Anyesi alisema. "Kazi hii inataka mikono miwili."

Askari aliitua bunduki, akailaza kwenye majani makavu, akainua mkono.

"Juu zaidi," Anyesi alimwambia.

Akauinua juu zaidi.