Anawashwa Kidogo

Kila alasiri akitoka shule, Maricielo Tineo aliweka mkoba sakafuni, akanawa mikono, kisha akaketi jikoni kumsomea mama yake barua. Walikuwa wamehamia mji wa Paterson kutoka Peru akiwa na miaka minne. Sasa alikuwa na kumi na miwili, na Kiingereza kilikuwa kimemwingia bila shida. Kwa mama yake, Nélida, kilikuwa kimegoma kabisa. Barua za shule, za mwenye nyumba, za bima ya afya, zote zilipita kwa binti. Hata majirani walipanda ngazi na bahasha zao mkononi. "Tuna wakili wetu humu ndani," walisema, naye alijisikia mkubwa.

Nélida alifanya kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Miaka miwili nyuma daktari alimwonya kwamba sukari ilikuwa inamnyemelea. Akaacha soda, akapunguza wali, akawa anakwenda kazini kwa miguu, na unene ukapungua hadi watu wakampita njiani bila kumtambua. Lakini ngozi ya tumbo haikupungua. Ililegea ikaning'inia kama aproni hadi mapajani. Chini yake jasho lilikusanyika, upele ukatoka, kisha vidonda vyenye majimaji na harufu. Katika joto la mashine za kukaushia, alilazimika kubadilisha vitambaa vya kufyonza jasho mara tatu kwa zamu.

Maricielo aliyajua yote hayo. Hakuna aliyekuwa akiyajua shuleni, naye alitaka ibaki hivyo.

Jioni moja kulikuwa na maonyesho ya sayansi, na mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Jazlyn, rafiki anayeketi naye darasani, alikunja pua.

"We, husikii harufu? Kuna panya amefia humu?"

"Labda," Maricielo akajibu, akacheka.

Mama yake alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, akitabasamu, bila kuelewa neno.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki. Daktari Pruitt, kijana mwenye sauti ya upole, aliuliza kama ampigie mkalimani simu.

"Hakuna haja," alisema Maricielo. "Mimi natosha."

Mama akaanza kueleza kwa Kihispania. "Mwambie chini ya tumbo kuna vidonda. Vinatoa usaha, vinanuka. Dawa ya kupaka nimetumia hadi imeisha. Mwezi huu siku nne sikwenda kazini, nilishindwa hata kuinama."

Maricielo alimtazama daktari, akakumbuka pua ya Jazlyn. 

"Anasema anawashwa kidogo," alisema. "Hasa wakati wa joto."

Daktari aliandika. Njiani mama akauliza, "Mbona mimi nimesema mengi na wewe umesema kidogo?"

"Kiingereza ni kifupi, mama."

Mama alicheka, akaamini. Safari ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Hata hivyo, kwa kuwa mwasho haukuisha, daktari alimtuma kwa mpasuaji, na mpasuaji alipoona hali ilivyo alisema ngozi ile iondolewe. Akaiandikia kampuni ya bima kuomba kibali, akaambatisha kumbukumbu za kliniki.

Jibu lilifika mwezi wa sita. Maricielo alilifungua mezani kama kawaida, akaanza kutafsiri, kisha akarudi kusoma kimoyomoyo.

"Wanasemaje?"

"Wamekataa, mama."

"Kwa sababu gani? Soma."

Ilibidi asome. "Kwa mujibu wa kumbukumbu za daktari, mgonjwa anawashwa kidogo wakati wa joto. Upasuaji ulioombwa ni wa kuboresha mwonekano, na bima haiulipii."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamepigwa chapa.

Mama alishika ukingo wa meza. "Wanadhani nataka urembo?" alisema taratibu. "Mimi nilimwambia yule daktari kila kitu. Hata mambo ambayo sijamwambia dada yangu. Kumbe hakuandika. Au mimi ndiye sijui kujieleza."

Maricielo alihisi uso ukiwaka moto. Ilikuwa nafasi ya kusema, naye hakusema. Alikunja barua, akaenda chumbani, akalala kifudifudi. Hapo mwanzo alimwonea mama yake aibu. Sasa alijionea aibu mwenyewe, na hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kukimbilia.

Siku kumi baadaye mama alianguka kazini. Vidonda vilikuwa vimeingiwa na vijidudu, homa imepanda. Alilazwa hospitali siku tatu, akarudi nyumbani amenywea. Walipokwenda kliniki kuangaliwa, aliketi bila hata kuvua koti.

"Mwambie asante kwa yote," alimwambia binti yake. "Mwambie sitarudi tena. Watu wasioniamini nitawasumbua hadi lini?"

Daktari Pruitt akageuka kwa Maricielo. "Mama anasemaje?"

"Naomba umpigie mkalimani, daktari. Mimi sifai."

Daktari alimtazama, kisha akabonyeza namba na kuweka simu mezani. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikajitambulisha kwa lugha zote mbili. Maricielo akaanza kusema kwa Kiingereza, macho chini.

"Mama alinituma niseme ana vidonda, vinatoa usaha, vinanuka, na anakosa kazi. Mara zote tatu. Mimi nikasema anawashwa kidogo. Niliona aibu. Bima imekataa kwa sababu yangu."

Sauti ya kwenye simu haikupunguza wala kuongeza. Neno kwa neno, kwa Kihispania kilichonyooka, ilimweleza Nélida alichofanya binti yake. Ilipofika kwenye "niliona aibu", Maricielo alitamani sakafu ifunguke.

Mama alimgeukia binti yake. Kisha akauliza, "Ulinionea aibu mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi najionea," mama alisema, machozi yakimtoka. "Lakini nilijikaza nikasema."

Daktari alisogeza kiti karibu nao. "Kosa si la mtoto peke yake," alisema, na mkalimani akafuata. "Sikupaswa kukubali mtoto wa miaka kumi na miwili abebe mazungumzo kama haya. Na mara zote tatu sikuomba nione mwenyewe. Niliyoyaandika siwezi kuyafuta. Ninachoweza ni kuandika leo yaliyo kweli, na kueleza kwa nini hayafanani na ya nyuma."

Alimpima mama nyuma ya pazia, muuguzi akapiga picha za vidonda. Walikusanya orodha ya dawa kutoka duka la dawa, ripoti ya hospitali, na barua ya msimamizi wa kiwanda kuhusu siku alizokosa. Maricielo naye aliandika ukurasa mmoja kwa mkono wake, akaeleza alichokificha, akatia sahihi. Aliuchana mara mbili kabla ya kuupata ulio wazi. Rufaa ikatumwa.

Kampuni ilidai karatasi zaidi, wakazituma. Kiangazi kikaisha, shule zikafunguliwa. Mwishoni mwa mwezi wa tisa kibali kikatoka: upasuaji ni wa lazima kwa afya, na bima italipia.

Kabla ya siku ya upasuaji, Jazlyn alimuuliza kwa nini angekosa shule.

"Mama anapasuliwa tumbo. Ngozi yake ilikuwa na vidonda," Maricielo alisema. "Ile harufu ya siku ya maonyesho, ilikuwa yake. Nami nilicheka."

Jazlyn aliinamisha kichwa. "Sikujua. Nisamehe."

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya pili Maricielo alimkuta mama ameketi kitandani, amechoka, nyuzi zikimvuta alipocheka. Alimmiminia supu ya kuku kutoka kwenye chupa, akamshikia bakuli.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika, tena sana," mama alisema. "Nilianguka kazini nikidhani hakuna anayenisadiki. Usisahau hilo, kwa sababu lingeweza kuniua." Alipokea kijiko, akakishika bila kula. "Lakini sikiliza. Kuumwa si jambo la kuficha, hata ugonjwa uwe unanuka. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Na siku ukimsemea mtu, sema alichosema yeye, chote. Kama mdomo unakataa, sema umeshindwa. Hakuna atakayekucheka, na mimi sitakupenda pungufu."

"Sawa, mama."

"Haya, supu inapoa."

Maricielo akasogeza kiti, akamshikia bakuli hadi alipomaliza.