Nilikula Nyama Nikidhani Tumesamehewa

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkulima wa pamba, na sina mtoto. Naishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kahama, njia ya kwenda Ushirombo. Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu bado nakaa humo na bado tunasalimiana. Huwa nasoma mikasa ya wenzangu humu gazetini, na mara nyingi nakasirika na kusema, huyu naye alikuwa wapi asione? Leo ni zamu yangu. Nanyi mtaniuliza nilikuwa wapi.

Niliolewa na Masanja wakati ule wa operesheni, watu walipotolewa kwenye makazi yao ya zamani na kupangwa kwa mistari katika vijiji vipya. Wazazi wangu walipelekwa upande mwingine kabisa, na wa mume wangu vilevile. Hatukuwa na ndugu wa karibu. Jirani ndiye alikuwa ndugu, upende usipende.

Ninyi mlio mjini lazima niwaeleze jambo moja. Zahanati ilikuwa mbali, na gari tulikuwa tunaliona msimu wa pamba tu. Mtu akizidiwa, analazwa kwenye kitanda cha kamba, kitanda kinafungiwa miti miwili, wanaume wanambeba mabegani kwa kupokezana mpaka zahanati. Hiyo ndiyo machela. Kila kaya inatoa mtu. Na hao wanaobeba wagonjwa ndio hao hao wanaochimba makaburi.

Asiyetoka bila sababu anatozwa faini. Akikaidi, kaya yake inatengwa. Na kutengwa si mchezo, jamani… Hakuna anayekusalimia. Hakuna anayekupa kaa la moto asubuhi. Ukifika kisimani, wenzako wanasubiri uondoke ndipo wachote. Ukiumwa, unaumwa peke yako.

Masanja alikuwa akimaliza kulima anakwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Safari moja alirudi na baiskeli mpya na redio, na kichwa kikavimba. Machela ikiitwa, yeye anasugua baiskeli kwa kitambaa. Alikufa mzee wa nyumba ya nne kutoka kwetu, Masanja hakutoka hata kushika jembe la kuchimbia kaburi. Wazee walipomwita, aliwajibu huku anatabasamu, "Mimi nina baiskeli. Siku nikiumwa nitajipeleka mwenyewe."

Tukatengwa. Faini ikawa ng'ombe dume mmoja. Achinjwe, watu wale, yaishe.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya kwanza. Sikulala, sikula vizuri. Nilimwambia, "Hiyo baiskeli yako itanipakia mimi na tumbo hili?" Akaendelea kusugua baiskeli. Nilimlilia, nikamnunia, siku nyingine nikakataa kabisa kupika. Mwishowe akasema basi, atamtoa yule dume wetu mwekundu. Akamfunga kamba asubuhi, akaondoka naye.

Jioni alirudi na nyama, imefungwa kwenye gazeti. Akaniambia yamekwisha, wazee wameridhika, na hili ndilo fungu la nyumba yetu. Akasema mwenyekiti atatangaza kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo kwa sasa nitulie nyumbani, nisianze kuzunguka kusalimia watu nikaonekana nina kiherehere.

Nikaipika ile nyama. Nikala, wasomaji wenzangu, nikafyonza mpaka mifupa! Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Kesho yake Masanja akapanda baiskeli akarudi machimboni, kutafuta pesa ya nguo za mtoto.

Kisimani wanawake waliendelea kuninyamazia. Nikajiambia, tangazo bado. Ningekwenda kumuuliza mwenyekiti mwenyewe, ni hatua chache tu. Lakini mume wangu alisema nitulie, nami nikatulia.

Uchungu ulinianza alfajiri moja, nikiwa peke yangu. Nilidhani ni wa kawaida. Jua likapanda, likashuka, kukapambazuka tena, na mtoto hajatoka. Nikatambaa mpaka mlangoni nikapiga yowe.

Watu walitoka. Niliwaona wamesimama kwenye milango yao, wananitazama. Hakuna aliyevuka barabara. Kiongozi wa machela, mzee mmoja ambaye ana binti wa rika langu, alikuja akasimama nje ya uzio wa minyaa.

Nikamwambia, "Baba, nibebeni, nakufa."

Akasema, "Ng'ombe hajaonekana."

"Si alitolewa? Si mlikula?"

"Alitolewa wapi, mayu? Sisi hatujaona hata mkia." Mayu ni mama; aliniita kwa heshima.

Pale pale, katikati ya uchungu, nikaelewa. Masanja alimuuza yule dume. Na ile nyama, nilikuja kusikia baadaye, aliinunua buchani, mji mdogo wa Kagongwa. Alinitia mchanga wa macho ili aondoke nyumbani bila kelele zangu. Mwanamume uliyempikia na kumfulia, anakununulia nyama ya kukudanganyia! Mnaweza kuamini?

Yule mzee hakuwa na furaha, hilo nitalisema. Alikuwa anatazama chini. Lakini alisema akinibeba leo, kesho kila mtu atakataa machela, na machela ikifa tutakufa wengi. Ndiyo hesabu aliyoipiga. Nami nilikuwa upande wa kupunguzwa.

Aliyevuka barabara ni Mama Shija, mjane mwenye maneno makali, mwanamke ambaye hata kabla ya kutengwa tulikuwa hatupatani kwa sababu ya kuku wake. Alikuja na binti zake wawili na mkwe wake wa kike. Hakuniuliza kitu. Akatoa kitanda changu nje, akafunga miti, akawaambia wale wanaume, "Nendeni mkalinde ng'ombe wenu."

Wanawake wanne wakanibeba. Machela ni kazi ya wanaume, na mabega ya wanawake wale hayakuwa yamezoea. Kila baada ya kipande walinishusha wapumue. Nikasikia mmoja analia kwa maumivu ya bega, Mama Shija anamkaripia, "Utalia tukifika, ng'wanone." Alimwita mwanangu, lakini kwa sauti ya kumfokea.

Zahanati walisema hawaniwezi. Tukangoja lori la pamba, likatupeleka hospitali ya misheni. Walipomtoa mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, ana nywele nyingi… na alikuwa amefia tumboni tangu siku iliyotangulia.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mateso. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Baada ya siku chache nikaamka kitanda kimelowa. Nikaona haya, nikabadilisha shuka. Kikalowa tena. Mkojo ulikuwa unatoka wenyewe, mchana na usiku, nikiwa nimekaa, nimesimama, nimelala. Muuguzi akanieleza kwamba mtoto alikaa njiani muda mrefu mno, akabana, na mahali pale pametoboka.

Habari zilimfikia Masanja, akaja. Alisimama mlangoni mwa wodi. Nilimwona anavyokunja pua. Hakuuliza mtoto amezikwa wapi. Nami nilikuwa nimejiandaa kumtukana mpaka wodi nzima isikie, lakini nilipomwona nikashikwa na aibu ya harufu yangu, nikajifunika. Akasema, "Ngoja nikakununulie sabuni." Akatoka. Hiyo sabuni naingoja mpaka leo.

Nilirudi kijijini kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Nyumba yangu nikaikuta tupu. Alikuwa amepita akabeba redio, sufuria na hata mlango. Mama Shija akanichukua kwake.

Na hapo nikajua jambo lililonichoma kuliko yote. Mama Shija naye alikuwa ametengwa, kwa kosa la kunibeba mimi. Shamba lake la mtama, ambalo majirani walikuwa wanakuja kumsaidia kupalilia tangu afiwe, lilikuwa limejaa magugu. Binti zake wakipita, wenzao wanageukia pembeni. Nilimwambia ningeondoka. Akanijibu, "Ukiondoka watanirudishia palizi yangu? Kaa, ukoleze moto." Alikuwa haongei maneno matamu, yule. Lakini alifua matambara yangu pamoja na nguo zake, kwenye beseni moja, mahali ambapo kila mtu anaona.

Kule hospitali walikuwa wameniambia nirudi, kuna daktari wa upasuaji huo anayekuja mara chache kwa mwaka. Nikarudi. Nyuma ya hospitali kulikuwa na nyumba ndefu ya bati wanapokaa wanawake wanaomngoja. Nilipoingia niliisikia harufu yangu, lakini haikuwa yangu. Walikuwa wengi! Wengine kutoka Bukombe, wengine Geita, mmoja alikuwa ameishi zizini miaka kwa miaka. Mimi nilidhani ni peke yangu duniani…

Mle ndani hakuna aliyekunja pua. Tulipika zamu kwa zamu, tukasuka mikeka, tukachekana. Mmoja akiitwa kwenda kupasuliwa, wote tunamsindikiza mpaka mlango wa chumba. Sista mmoja alitufundisha kushona, ingawa mimi mishono yangu mpaka leo imepinda. Pale ndipo nilipoanza tena kula chakula nikasikia ladha. Upasuaji wa kwanza haukushika. Nilitaka kunywa sumu ya pamba, nasema kweli. Wale wanawake walinilinda kwa zamu bila kuniambia kwamba wananilinda. Upasuaji wa pili ukashika. Nikaamka asubuhi, nikapapasa shuka… kavu. Nililia mpaka sista akadhani naumwa.

Baba yangu alituma mtu anichukue. Sikwenda. Ningekwenda vipi, na Mama Shija hajasalimiwa na mtu?

Tulilima pamba, mimi na yeye na binti zake, misimu miwili bila mkono wa jirani hata mmoja. Tukanunua dume. Siku ya mkutano nikamkokota mwenyewe mpaka mbele ya wazee. Kiongozi wa machela akauliza kama ni faini ya kaya ya Masanja.

Nikasema, "Huyu ng'ombe si wa Masanja. Ni wa Mama Shija na ni wangu. Masanja atalipa wake akirudi. Lakini kabla hamjamchinja, mniambie mwanangu alikosa kwenda msiba wa nani."

Wanawake waliokaa nyuma wakaanza kunung'unika, kisha wakapaza sauti, mmoja akasema hata yeye angebeba siku ile lakini mumewe alimshika mkono. Wakabishana mpaka jua likatua. Baadhi ya wazee waliona nimewavunjia heshima, na wapo ambao hawajanisamehe. Lakini ilikubaliwa kwamba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa atabebwa, hata kaya yake iwe na kesi gani, na madai mengine yasubiri. Ndipo wakachinja. Mama Shija alikula, akalalamika kwamba nyama ni ngumu.

Sasa nisikilizeni. Mwaka jana Masanja alirudi. Hakuwa na baiskeli wala redio, ila alikuwa na msichana mbichi, mjamzito, wa kutoka huko huko machimboni. Ng'ombe wake hajalipa, basi akakuta kimya kile kile. Msichana wa watu akawa anachota maji peke yake jua kali. Nami nilikuwa nampita. Sitawadanganya, nilikuwa nampita na nilikuwa naona raha.

Siku uchungu ulipomshika, kiongozi wa machela alikuja mpaka kwangu. Makubaliano yalikuwa wazi, lakini alitaka kusikia kutoka mdomoni mwangu. "Unasemaje, Kabula?"

Nilimtazama Masanja. Alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Ningesema siku yangu hamkuniuliza. Ningeweza kukawia tu, nikajifanya natafuta kanga, na kukawia kidogo kungetosha. Hakuna anayejua hilo kuliko mimi.

Nikasema kitanda kifungwe haraka. Nikaingia chini ya mti upande wa mbele, na Mama Shija, pamoja na uzee wake, akashika upande wa nyuma, na binti zake wakashika mti wa pili. Wanaume wakatupokea njiani. Yule msichana alinishika kidole muda wote, akiniita dada, hajui mimi ni nani.

Tulifika mapema. Nilikuwa nimekaa nje ya zahanati niliposikia mtoto analia ndani, kwa nguvu, kama amekasirika. Wangu sikuwahi kusikia sauti yake. Nilikwenda nyuma ya ukuta nikaketi chini, nikalia kilio ambacho nilikuwa nadaiwa tangu siku ile ya lori la pamba. Masanja alikuja kunishukuru. Nilimwambia aondoke mbele yangu, na mpaka leo sijamsamehe. Msinifundishe kusamehe.

Ninachowaomba ni kidogo tu. Dada yangu, mume akikwambia mambo yenu na watu yamekwisha, toka uende ukaulize mwenyewe. Wewe unayelowa na kujificha, usijiue, nenda hospitali ya misheni ukaulize, wapo wenzako wanakungoja. Na ninyi wazee wa vijiji, tozeni faini zenu, sizipingi, machela bila faini haiendi. Lakini ukisikia mwanamke anapiga yowe, usiulize kwanza ni mke wa nani.