Usimguse Bibiye

"Usitikisike, nitakuchoma!"

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti mbele yangu na pini sita mdomoni, anapima pindo la gauni langu la harusi. Simu ikatetema mezani. Nikaichukua.

"Nimesema usitikisike!"

"Samahani mama, ni kazini."

Ujumbe ulitoka kwa fundi kwato, yule mzee anayewapigilia farasi wetu viatu vya chuma: "Dada Polepole uko wapi? Bingwa kamtandika Bibiye. Kimbia."

Nikakimbia. Na pini zangu, na pindo refu huku fupi kule, na fundi cherehani nyuma yangu akipiga kelele kwamba bibi harusi kapata wazimu.

Bibiye ni farasi jike. Alikuja zizini kwetu miezi minane iliyopita, sikio la kulia limechanika. Huko alikotoka walimpiga, na waliompiga walizoea kusimama upande huo huo. Alishaangusha watu wawili kabla hatujamchukua. Ukimwendea kwa kushoto alitetemeka. Ukimwendea kwa kulia ulikuwa unatafuta kifo. Wiki tatu za mwanzo sikumgusa kabisa. Nilikuwa naingia chumbani kwake, nafudikiza ndoo, nakaa nimempa mgongo, najitafunia karoti zangu. Wenzangu walicheka mpaka wakachoka, ndipo wakanipachika jina la Polepole. Siku ya ishirini na mbili akaja mwenyewe, akaninusa shingoni. Nililia kama mtoto, na sioni haya kusema.

Kuanzia hapo kila kitu nikakianzia kushoto. Brashi, kusafisha kwato, tandiko, mpaka kupanda. Maana farasi akizoea jambo kwa jicho moja, usidhani jicho la pili limeshapata habari. Inabidi uanze upya, kama una wanafunzi wawili kwenye kichwa kimoja. Upande wa kulia nilikuwa nimefika begani tu. Pale zizini kila mtu alijua kwamba Bibiye bado, na kwamba hapandwi na mtu mwingine mpaka niseme.

Bingwa alijua kuliko wote. Bingwa ndiye mpandaji wetu namba moja, mtoto wa mwenye zizi, na ndiye aliyekuwa anioe Jumamosi. Nilimpenda. Mtu asije akaniambia sikumpenda. Nilimpenda hadi nikawa najichekea peke yangu huku nazoa mavi ya farasi.

Nilipofika uwanjani nikamkuta ameketi chini, kashika bega. Wifi yangu, dada yake mdogo, amesimama kando na simu mkononi, midomo imemkauka. Bibiye yuko kwenye kona ya uzio, jasho linamtiririka, mate yanatoka na damu.

"Umemfanya nini?"

"Mimi ndiye nimeanguka, unaniuliza nimemfanya nini yeye?"

"Nakuuliza, umemfanya nini?"

"Nimempanda, basi! Kwa kushoto, taratibu, kama unavyofanya wewe. Kaniruka bila sababu. Mnyama mwendawazimu huyo."

"Na hiyo damu mdomoni?"

"Kajing'ata."

Nikamgeukia wifi. Akatazama viatu vyake.

Mama mkwe, mwenye zizi, akatokea. Mama huyo ni mfupi, sauti yake ndogo, lakini akiita, hata farasi hugeuka. Alimtazama mwanawe, akamtazama Bibiye, kisha mimi na gauni langu lililojaa pini.

"Huyu ni mtu wa tatu kuangushwa naye," akasema. "Mimi nafundisha watoto wa watu hapa. Siwezi kuweka farasi wa kuua. Kesho asubuhi daktari wa mifugo atakuja amchome sindano, alale moja kwa moja."

"Mama, nakuomba. Kuna kitu hapa hakijakaa sawa."

"Basi kesho utakisema mbele ya daktari. Wewe ndiye mwalimu wake. Ukisema anafunzika, nitakusikiliza. Ila uniambie kwa nini kamwangusha mwanangu."

Jioni ile Bingwa alinifuata stoo ya matandiko. Nilikuwa nasafisha lijamu, kile chuma cha mdomoni. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa, na sura kaifanya ya kuonewa huruma.

"Mpenzi, kesho daktari atakuuliza wewe."

"Aniulize."

"Mwambie hafunziki. Neno moja tu, yaishe."

"Neno moja hilo ni roho ya kiumbe."

"Ni farasi!"

"Ulimpiga?"

"Jumamosi tunaoana, wewe unanihoji kama polisi?"

"Nimekuuliza kitu kimoja."

Akashusha pumzi. Akaja karibu, akanishika kidevu kama anavyojua napenda.

"Sikumpiga. Lakini Mama unamjua na sheria yake. Anayempiga farasi hapa anavua buti, anatoka, hata awe nani. Akianza kuchunguza atazua lisilokuwepo, na mashindano ni mwezi ujao. Unataka mumeo akae nje ya uwanja? Wewe sema tu ulikosea, farasi hakuwa tayari. Nani atakulaumu? Watasema Polepole kajaribu, kashindwa, basi."

"Yaani nijitukane, na Bibiye afe, ili wewe upande mwezi ujao."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe."

Akatoka amenuna. Nami nikabaki nasugua chuma ambacho kilishang'aa zamani. Moyo uliniuma, sitaki kudanganya. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilitaka kumwamini.

Asubuhi nilipoamka, ujumbe wa wifi ulikuwa unanisubiri.

"Wifi nimeshindwa kunyamaza. Mimi ndiye nilikuwa namrekodi. Kaniambia nifute sikufuta. Tazama mwenyewe ila usinichukie."

Chini yake video. Nikaifungua nimekaa kitandani.

Bingwa anaonekana anatabasamu, kofia upande. "Nichukue kwa huku," anamwambia dada yake, "huku jua linanipiga vizuri." Anazunguka kwenda kulia. Kulia! Masikio ya Bibiye yanalala nyuma. Mtoto wa siku mbili angeelewa ule ni woga. Bingwa anageukia simu na kusema: "Mchumba wangu kachukua miezi minane na huyu. Mimi nampa dakika tano. Tazameni wenyewe."

Kisha anapanda. Bibiye anarudi kinyumenyume, Bingwa anavuta hatamu kwa nguvu zote, mdomo wa mnyama unapanuka. Mjeledi unashuka mara mbili mbavuni. Halafu nikasikia sauti ya wifi, "Kaka, acha! Kaka!", na simu ikatazama mchanga.

Nilitazama mara moja tu. Nikaoga, nikavaa suruali yangu ya kazi, nikaenda.

Daktari alishafika na mkoba wake. Mama mkwe, Bingwa, wifi na fundi kwato walikuwa wamesimama nje ya chumba cha Bibiye. Nikawapita, nikaingia kwa Bibiye, nikasimama nimempa mgongo kama siku zile za ndoo. Nikafunga komeo kwa ndani.

"Binti, naomba unipishe," daktari akasema.

"Sikupishi."

"Usinifanye nikuvute."

"Utaanza na mimi basi, sindano unayo."

Fundi kwato akakohoa kuficha kicheko. Mama mkwe hakucheka.

"Mwanangu, nilikuambia utaje sababu. Taja."

Simu ilikuwa mfukoni. Ningeitoa pale pale yakaisha. Lakini jamani, huyu mtu nilikuwa nimeshona gauni kwa ajili yake! Nilitaka aseme mwenyewe. Nilimwombea moyoni, wallahi nilimwombea.

"Nataka kwanza yeye aongee," nikasema. "Bingwa. Nitazame. Ulimpanda upande gani?"

"Nilishasema jana."

"Sema leo, mbele ya Mama."

"Kushoto."

"Ulimpiga?"

"Sikumgusa hata kwa kidole."

"Fikiri kabla hujanijibu. Nakupa nafasi kwa sababu nakupenda. Ulimpiga?"

Aliona macho yangu, naapa aliona. Kwa sekunde moja uso wake ulilegea, nikadhani anasema. Halafu akamtazama mama yake, akakunja uso.

"Mama, huyu kashindwa kazi, anatafuta wa kumtupia lawama. Miezi minane anambembeleza farasi na karoti! Nimenyamaza muda wote kwa kuwa ni mchumba wangu."

Sijui kama mmewahi kusikia kitu kinakatika ndani yenu. Nikatoa simu, nikaifungua ile video, nikampa mama mkwe juu ya ule mlango wa nusu.

Akaitazama yote. Akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Pale kwenye "dakika tano" Bingwa alishapauka. Wifi alikuwa analia.

"Nani kakupa ruhusa kumpanda kulia?" mama yake akauliza.

"Mama, jua lilikuwa..."

"Jua?"

"Mama, sikiliza..."

"Vua buti."

"Mbele za watu?"

"Ulimpiga mbele ya watu. Vua."

Akavua kwa mkono mmoja, anayumba, na hakuna aliyemsaidia. Akaondoka na soksi juu ya changarawe. Daktari alirudisha sindano mkobani, akaniuliza kwa upole, "Sasa naweza kuingia nimsafishe mdomo?"

"Ingia kwa kushoto," nikamjibu.

Mchana nikatuma ujumbe mmoja kwa jamaa zangu wote: "Harusi haipo. Msiniulize leo." Basi ndiyo kwanza wakauliza. Shangazi alipiga kabla sijaiweka simu chini.

"Wewe mtoto, kadi zimeshatoka!"

"Shangazi, anayeolewa ni mimi au ni kadi?"

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Wana midomo."

"Kijana wa watu kakosea mara moja tu! Wanaume wote hao wana kasoro. Utamkuta wapi asiye na kasoro?"

"Simtafuti asiye na kasoro, Shangazi. Namkataa aliyetaka niseme uongo ili kiumbe afe, halafu nilipokataa akanitia mimi matope."

"Kwa farasi! Unaniaibisha kwa farasi!"

"Shikamoo, Shangazi. Nina kazi."

Nilikata simu. Ndipo nikalia, vizuri tu, mpaka nikamaliza.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya ile iliyokuwa iwe harusi, Bingwa alikuja. Hakuruhusiwa kuvuka geti, akasimama nje. Nilikuwa natembeza Bibiye kwa kamba pale karibu. Nikamsogelea, kwa sababu simwogopi.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema.

"Nimesikia."

"Nilifanya ujinga. Nilikuwa na wivu, kama unataka kujua. Kila jioni ni Bibiye kafanya hivi, Bibiye kafanya vile. Nikataka nikuonyeshe na mimi naweza."

"Ungeniambia una wivu. Ningekucheka, kisha ningekukumbatia."

"Nakupenda."

"Najua. Na mimi nilikupenda, mpaka sasa bado inaniuma nikikuona. Usifikiri nimegeuka jiwe."

Macho yakamng'aa. Akashika vyuma vya geti kwa mkono wake mzima.

"Basi nipe muda. Nitabadilika. Si wewe Polepole? Si wewe mwenye subira kuliko watu wote? Farasi umempa miezi minane. Mimi hunipi hata wiki mbili?"

Nitasema ukweli, lile lilinipata. Bibiye alikuwa anavuta kamba, anataka majani ya upande wa pili.

"Bibiye alikuwa anaogopa," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza alinionyesha kwamba anaogopa. Hakunificha, hakunichekea usoni. Woga naujua dawa yake, hata ingekuwa miaka minane ningekaa. Wewe hukuogopa. Wewe ulinitazama machoni, nikakuuliza mara tatu, ukachagua. Hiyo sikuisomea."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Na kesho? Watu wakija ukumbini mimi niwaambie nini?"

"Waambie ulichokifanya. Anza na hilo, maana mpaka leo hujalisema kwa mdomo wako. Hata hapa umesema ujinga, umesema wivu. Hujasema ulimpiga."

Alifungua mdomo. Nikasubiri, maana kusubiri ndiyo kazi yangu. Alinitazama, akatazama Bibiye, akatazama barabara. Kisha akageuka, akaondoka.

Nikamfungulia Bibiye kamba, akaenda kula majani yake.