Daraja la Kupandishia Ngamia

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake pale mtaani Galbet, Mahat hunywa chai ya maziwa ya ngamia na mama yake, Rukiyo. Mama hupenda kusimulia ya zamani. Alipokuwa msichana huko Buna, ngamia walikwenda sokoni kwa miguu. Walitembea polepole, wakila majani njiani, na jioni watu waliwakamua huku wakiimba. Siku hizi ngamia hupanda lori. Mama huona hata ngamia wenyewe wamepoteza raha.

Marehemu mume wake, Hirsi, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mashine yake ilikuwa kubwa, na ilinguruma hadi vikombe vikatetemeka mezani. Alipofariki waliiuza, maana hakuna aliyeweza kuisogeza. Mahat akanunua mashine ndogo ya kubeba begani. Kwa milango na madirisha, ilimfaa sana. Wateja wake walitaka milango laini isiyoonyesha ilipoungwa, naye alikuwa hodari wa kusaga mishono kwa grainda hadi ikapotea kabisa.

Siku moja mjomba wake Kulow, mfanyabiashara wa ngamia, alimwomba amtengenezee daraja la kupandishia ngamia kwenye lori. Mahat alitumia chuma cha unene wa milimita kumi. Alichomelea, akasaga, akapaka rangi. Daraja likapendeza kama mlango wa nyumba ya harusi.

Ngamia wa kwanza alipofika katikati, mguu mmoja wa daraja uling'oka. Ngamia aliteleza, akachubuka magoti. Kwa bahati hakuvunjika.

Kwao, mjomba na mpwa huitana abti, na mama na mwana huitana hooyo. Kulow hakupaza sauti, na upole wake ndio uliomuumiza Mahat.

"Abti, ngamia akivunjika mguu, dawa yake ni kisu tu," alisema. "Na mchungaji wangu alikuwa amesimama hapo chini. Daraja ya baba yako ilikaa miaka mingi. Hii yako, nitaiamini aje?"

Mahat aliomba nafasi moja tu ya kurekebisha. Alirudi karakana na daraja lake, akiwa na moyo mzito. Alitamani baba yake angekuwapo, amuulize swali moja tu.

Baba hakuwapo, lakini jirani yake, Nimo, alikuwapo. Yeye hufundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi. Aliuinamia mguu uliong'oka, akauchunguza.

"Angalia hapa, walaal," alisema, yaani ndugu. "Chuma ya chini haijayeyuka. Mshono umekaa juu tu, kama samli juu ya mkate baridi wa anjera. Na ile kidogo ilishika, ukaimaliza na grainda. Ngamia hataki urembo."

Mahat alijitetea kwamba mashine yake iliandikwa mia mbili. Nimo akaigeuza. Mia mbili ilikuwa kwenye karatasi ya kubandika mbele. Kibati cha nyuma kilisema kweli: ampea mia na ishirini, tena kwa muda mfupi.

Akamweleza taratibu. Nguvu ya mashine hupimwa kwa ampea. Chuma kinene huhitaji rodi nene, kile kijiti kinachoyeyuka na kuwa mshono, na rodi nene huhitaji ampea nyingi. Rodi ya milimita nne hutaka kama ampea mia na sitini. Kibati pia huonyesha muda wa kazi. Kikiandikwa asilimia sitini, fundi atachomelea dakika sita katika kila kumi, kisha mashine ipumzike. Na umeme nao lazima utoshe. Waya mwembamba na mrefu huinyima mashine nguvu.

"Kwa hivyo nitafute kubwa kama ya baba?" Mahat aliuliza.

Nimo alicheka. Alisema siku hizi mashine yenye nguvu inaweza kuwa nyepesi. La muhimu ni kusoma kibati, si kupima kilo.

Mahat alizunguka madukani akigeuza kila mashine, wauzaji wakimshangaa. Mwishowe alipata ya kutoa ampea mia mbili kwa asilimia sitini, na waya mnene wa kuifaa. Kwanza aliunga vipande viwili vya chuma kile kile, akavigonga kwa nyundo kubwa. Chuma kilipinda, mshono haukuachia. Ndipo akaliunga daraja upya. Alichonga kingo mshazari ili moto uingie ndani, akachomelea mshono juu ya mshono. Safari hii hakusaga.

Siku ya kupakia, Kulow alimkabidhi kamba ya ngamia. "Panda na yeye, abti."

Mahat alipanda. Daraja lilitulia tuli. Ngamia alimfuata hadi ndani ya lori.

Mama alikuwa amekuja kuona. Alilia bila kujificha.

"Hooyo, leo nimemkumbuka baba yako sana," alisema. "Angefurahi."

Mahat naye alimkumbuka. Alitaka kukaa kidogo na mama yake, lakini hakupata nafasi. Kulow alikuwa tayari ameketi kivulini na chai yake, na kamba za ngamia wote waliobaki alikuwa amemwachia yeye.