Kinga Iliyotiwa Makaa

Chini ya msumeno kulikuwa na vumbi jekundu, na karakana ile haikuwa imeingiza ubao mwekundu hata mmoja tangu mwezi wa mfungo sita. Milango yote iliyokuwa ikichongwa pale ilikuwa ya mvule, na vumbi la mvule ni la manjano iliyochafuka, asiyejua hilo basi hajui mbao. Tsofa aliinama akalishika. Lilikuwa na unyevu. Akagusa meno ya msumeno, yakawa na joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Plagi ilikuwa msumarini, pale pale alipoitundika jana yake.

Alilikunja lile vumbi ndani ya kipande cha gazeti, akampelekea mwenye karakana.

"Nani alitumia mashine, bosi?"

Allarakha hakuinua macho kwenye kikombe chake cha chai. "Funguo n'nazo mimi, na mimi nilikuwa kwangu n'melala. Ni panya, Tsofa."

"Panya wapasua mbao?"

"Nenda kazini. Mlango wa watu wangoja."

Basi Tsofa akalitia gazeti kwenye mtoto wa meza, akenda kazini.

Tsofa alikuwa fundi wa nakshi, tena si fundi wa mchezo. Ukipita mtaa wa Ndia Kuu ukaona mlango umekusimamisha, ujue mkono wake wa kulia umepita hapo. Ukucha wa kidole chake cha shahada ulikuwa na mstari mweusi katikati, tangu siku nyundo ilipokiangukia akiwa bado anajifunza. Sidi, mkewe, hakuchoka kumwambia, "Baba Mbodze, wenzetu wana mashamba, sisi tuna mkono huo. Utunze."

Na aliutunza. Alichomoa plagi kabla ya kubadilisha meno. Hakuvaa mikono mirefu. Ubao mfupi aliusukuma kwa kijiti, si kwa vidole. Hata Allarakha mwenyewe, Tsofa alimwambia mara ngapi avue ile pete yake ya feruzi, jiwe la buluu, anaposogea mashineni, na Allarakha akamjibu kwamba pete ni ya marehemu babake, haivuliwi.

Lililomshinda ni moja. Msumeno ule ulikuja na kinga, kofia ya chuma ya kufunika meno. Allarakha hakuipenda, eti yamzuia kuona mstari. "Itoe," alisema. Tsofa akaitoa kwa spana yake mwenyewe, ikatundikwa. Ikakaa hivyo mpaka Alhamisi moja chetezo cha karakana kilipoanguka kikawa vigae. Mtu mwenye akili angetafuta chengine. Allarakha alitazama huku na huku, akaiona kinga, akaigeuza chali, akaitia makaa na ubani, akaizungusha karakana nzima kama alivyofanya babake kila Alhamisi. Akajiona amepata la maana. Alhamisi kumi na moja alifanya hivyo, na meno ya msumeno yamekaa uchi yakimtazama.

Baada ya lile vumbi ikaja harufu. Ubani, siku ya Jumanne, asubuhi, makaa hayajawashwa. Na chini ya ubani, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia, harufu ya ukwato unaoungua. Kisha ukaja mvumo. Mashine ilivuma plagi ikiwa msumarini, polepole, kama mtu anayeimba na mdomo ameufumba. Wakamwita Kenneth, fundi wa stima wa Mbaraki, asiyeamini chochote kisichopitia kwenye waya. Alifungua swichi, akapima nyaya zote, akafunga.

"Haina moto hata chembe," alisema. "Na kinga iko wapi?"

Tsofa akamwonyesha. Ilikuwa sakafuni, imejaa jivu.

"Mmeifanya chetezo?" Kenneth akaangua kicheko, na kicheko kikamkatikia kooni, maana mashine ilikuwa imeanza kuvuma. Alikusanya vifaa vyake haraka. "Mzee, hii si kazi ya stima." Bisibisi yake aliisahau mezani, na hakuirudia.

Bi Maisara, mganga, aliletwa kutoka Kuze baada ya sala ya alasiri. Mlangoni alivua viatu, akanusa, akavivaa tena.

"Nani amlishaye huyu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna anayelisha, Bi," Allarakha alinong'ona. "Ni ubani tu, wa baraka."

"Wautia kwenye chombo gani?" Alipooneshwa, alitikisa kichwa. "Umekivua chuma nguo yake, ukaifanya sahani, ukamwandalia mgeni usiyemjua. Sasa amekaa. Ulidhani atakula ubani mpaka lini?"

"Atatoka?" aliuliza Tsofa.

"Sijui, mwanangu. Tujaribu. Sahani irudi kuwa kofia. Na mkono ulioitoa ndio uirudishe."

Tsofa alimgeukia Allarakha. "Bosi, si wewe uliyesema itolewe?"

"Spana ilikuwa mkononi mwa nani?" Allarakha alijibu, wala hakuona haya.

Tsofa akavua saa, akakunja mikono ya shati, akamwomba Allarakha aishike plagi juu ili wote waione, na Allarakha akaishika, feruzi ikimetameta kidoleni, na Bi Maisara akaanza kusoma, na Tsofa akaiosha kinga, akaifuta, akaipeleka taratibu juu ya meno yaliyotulia tuli, akatia bolti ya kwanza, akatia ya pili, na ile harufu ya ukwato ikapanda mpaka macho yakamtoka machozi, na Bi Maisara akapandisha sauti, na mvumo ukapanda juu ya sauti yake, na Tsofa akaona meno hayaonekani tena kuwa meno, yamekuwa duara jeupe linalozunguka, na mkono wake bado uko ndani.

Plagi ilikuwa mkononi mwa Allarakha. Ilikuwa ya moto.

Vilikwenda vidole vitatu vya mkono wa kulia. Hospitali walisema viletwe upesi, labda vitashonwa, lakini chini ya msumeno hapakuwa na vidole. Palikuwa na vumbi jekundu, lenye unyevu. Na kinga ilikuwa imekaa mahali pake, bolti zote nne zimekazwa, wakati Tsofa alikuwa ametia mbili tu.

"Hatoki," alisema Bi Maisara, akaenda zake.

Siku ya tatu Sidi alikuja kuchukua tindo za mumewe. Alifungua mtoto wa meza, akalikuta gazeti, akalikunjua. Ndani ya vumbi lililofungwa siku tisa kabla ya ajali kulikuwa na kipande cha ukucha, na katikati yake mstari mweusi. Hakulia. Alikiweka mbele ya Allarakha, juu ya kisahani cha chai, akatoka.

Allarakha aliufunga msumeno kwenye mkokoteni, ukapelekwa Liwatoni, baharini, wanaume wanne wakausukuma kwenye maji ya kina. Karakana akaitia kufuli. Alhamisi hiyo hakuchoma ubani.

Ijumaa asubuhi, ghorofani kwake, alikunjua msala ili asali. Katikati ya msala palikuwa na vumbi jekundu. Alilichambua kwa ncha ya kidole, na ndani yake akaona kipande kidogo cha jiwe la buluu.

Akautazama mkono wake. Feruzi ya babake ilikuwa nzima. Akaishika pete aivue, akaivuta, akatia mate, akaivuta tena. Ilikuwa imebana. Ilikuwa ya moto.