Siri Iliyouzwa Mezani kwa Shangazi

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Ya kwanza ilikuwa kushona vifungo. Ya pili ilikuwa kusimama tu. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na muhula mpya ulipokaribia alishona mashati ya shule kutwa nzima. Kwa kuwa mwili wa Chiriku ulilingana na wa wasichana wengi wa rika lake, shati la kwanza la saizi ile lilijaribiwa mwilini mwake kabla mengine hayajakatwa. Alipanda juu ya kigoda, akatanua mikono, mama akamzunguka na pini zake. Hilo jina la Chiriku alipewa na mama huyohuyo, kwa sababu hata juu ya kigoda mdomo wake haukupumzika.

Siku moja chiriku huyo alikuwa kimya. Mama alipovuta kitambaa kifuani, msichana aliruka nusura aanguke.

"Pini imekuchoma?" mama akauliza.

"Ndiyo, Mama. Pini."

Hakuna pini iliyomgusa. Kwa siku kadhaa matiti yake yalikuwa mazito na yanauma, na alipojipapasa alikuta vinundu vinundu chini ya ngozi, kama punje za maharage. Kukimbia kulimuuma, kulala kifudifudi ndiyo kabisa. Kilichomtisha zaidi ni kwamba alimsikia daktari redioni akisema uvimbe kwenye titi unaweza kuwa dalili ya ugonjwa mbaya. Maneno yaliyofuata hakuyasikia, yalimezwa na mlio wa cherehani. Basi akabaki na nusu ya habari, na nusu yenyewe ndiyo ile ya kutisha.

Mbona hakumwambia mama yake? Mama alikuwa mwepesi wa hofu. Ukikohoa mara mbili tu, umeshavishwa sweta. Chiriku aliona akimwambia hili, mashati hayataisha na mama hatalala. Akaamua kwenda kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa dada yake baba, akiishi chumba cha nyuma. Aliuza dawa za mitishamba sokoni: mizizi, magome, unga wa majani, na chupa ambazo kila moja ilikuwa na hadithi yake. Alikuwa mcheshi, kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Chiriku alimpenda mno. Siku za kazi nyingi, mama akikesha na cherehani, Shangazi ndiye aliyemsuka nywele na kula naye sahani moja.

"Shangazi, nikikuambia kitu utamwambia mtu?"

"Mimi? Mdomo wangu una kufuli, mwanangu, na ufunguo nimeumeza."

Chiriku akamwambia yote. Shangazi hakumuuliza hedhi yake inatarajiwa lini. Lilikuwa swali moja tu, na lingemaliza mambo, lakini mwenye haraka ya kutibu hana nafasi ya kuuliza. Alitwanga tangawizi na vitunguu saumu, akachanganya na mafuta, akampaka, kisha akamfunga kifua kwa kitambaa kwa nguvu kiasi cha kumfanya apumue kwa shida.

"Inaunguza, Shangazi!"

"Dawa isiyouma si dawa. Vumilia."

Akavumilia. Baada ya siku mbili hedhi yake ilianza, vinundu vikalainika, maumivu yakayeyuka. Ngozi ilikuwa imebabuka, lakini nani anajali ngozi akiwa ameokoka kifo? Chiriku alimrukia Shangazi shingoni akamshukuru hadi akaishiwa maneno, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida.

Haukupita muda, mama akamtuma sokoni kununua vifungo vyeupe. Chiriku akapita njia ya nyuma ya meza za wauzaji, palipotundikwa maturubai. Akasikia sauti aliyoijua.

"Nyie mnaniona hivihivi! Mtoto wa kaka yangu, Chiriku huyu wa fundi, alikuwa na mavimbe kifuani huku na huku. Analia! Mimi nikampaka, nikamfunga. Leo si mnamwona anavyorukaruka? Haya, chupa zinakwisha!"

"Mtoto mdogo vile!" mwanamke mmoja akasema. "Na mama yake anajua?"

"Mama yake anajua nini zaidi ya sindano?"

Wanawake wakacheka. Sauti moja kati ya zile Chiriku aliitambua pia. Ilikuwa ya mama wa msichana aliyekaa naye dawati moja.

Alisimama nyuma ya turubai. Alijiona kama amevuliwa nguo katikati ya soko, na aliyemvua ni mtu aliyemwamini kuliko wote. Alirudi nyumbani na vifungo vyeusi badala ya vyeupe, na mama alipomtania akainamia kushona.

Jioni alimfuata Shangazi chumbani.

"Uliniahidi," akasema. "Nimekusikia leo. Uliniahidi, Shangazi."

Shangazi alicheka kidogo, akamwekea pipi mkononi. "Ah, mwanangu, biashara ni maneno. Kwani nimekutaja kwa ubaya? Nimekutaja kwa kupona!"

Ndivyo alivyokuwa Shangazi, anauma na kupuliza. Chiriku aliiacha pipi kitandani akatoka.

Shuleni mambo yalikuwa yameshafika kabla yake. Mwenzake wa dawati alisogeza begi lake pembeni. Wasichana wa timu ya netiboli wakanong'onezana kama ugonjwa ule unaambukiza kwa jasho, na mmoja akamtungia jina la Mgonjwa wa Chupa, likashika mara moja. Usimwage mtama penye kuku wengi, wahenga walisema. Mtama wa Chiriku ulimwagwa na mkono mwingine, lakini vilivyodonolewa ni moyo wake na jina lake.

Kisha mwezi ukazunguka, na vinundu vikarudi palepale.

Hofu ilimrudia maradufu. Ingawa alikuwa na kinyongo, hakuwa na mwingine aliyejua. Akaenda tena chumba cha nyuma.

"Vimerudi, Shangazi."

"Shhh!" Shangazi akafunga mlango. "Havijarudi. Umekula vitu nilivyokukataza."

"Hukunikataza kitu."

Shangazi akaketi, akashusha sauti. "Nisikilize. Kesho anakuja mama wa kantini ya shule yenu. Ana uvimbe titi la kushoto, mgumu, muda mrefu sasa hauondoki. Hospitali wamemwita akapimwe, anaogopa. Nimemwambia asiende kwanza, aje akuone wewe uliyepona. Utamwambia umepona. Basi, hilo tu."

"Lakini sijapona."

"Nani alikusuka nywele mama yako alipokuwa hana nafasi? Nani alikulisha? Leo nikuombe neno moja tu, unikatalie?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko kitunguu saumu. Sahani waliyokula pamoja sasa ilikuwa inadaiwa. Chiriku alimfikiria mama wa kantini, aliyembeba mgongoni hadi kivulini siku alipozimia kwenye mchezo. Kama uvimbe wake ni ule wa redioni, na akaacha kwenda hospitali kwa sababu ya neno la Chiriku, itakuwaje?

Kesho yake mama wa kantini aliingizwa kwa mlango wa nyuma. Mwanamke yule mwenye sauti ya kuamuru foleni nzima ya wanafunzi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika pochi kwa mikono miwili.

"Mwambie, mwanangu," Shangazi akasema kwa tabasamu. "Mwambie ulivyopona."

Chiriku alifungua mdomo. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Sijapona. Viliondoka, vimerudi. Ngozi iliungua tu. Mama, tafadhali nenda hospitali."

"Wewe!" Shangazi akasimama. "Unanisaliti mbele ya mteja wangu?"

"Mimi ndiye nimekusaliti, Shangazi? Mimi?"

Alifungua mlango wa ndani akaita huku machozi yakimtiririka, "Mama! Simamisha cherehani! Njoo!"

Cherehani ikanyamaza. Mama akaja na uzi umening'inia begani, akasikiliza yote amesimama mlangoni. Chiriku alikuwa akiziogopa hofu zake, lakini mama hakupiga kelele. Uso wake ulionyesha maumivu tu.

"Mwezi mzima," akasema. "Soko zima linajua, shule nzima inajua, mimi niliyemzaa sijui." Akamgeukia Shangazi. "Wifi, nimeishi na wewe nikikuona kama ndugu wa tumbo moja. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Shangazi alitazama sakafu.

"Vaeni viatu," mama akawaambia Chiriku na mama wa kantini. "Tunakwenda kliniki sasa hivi."

Huko kliniki, muuguzi alimpima Chiriku nyuma ya pazia, taratibu, mama akiwa kando. Kisha akauliza lile swali ambalo halikuulizwa.

"Hedhi yako inatarajiwa lini?"

"Karibu."

"Na mwezi uliopita maumivu yaliondoka lini?"

Chiriku akafikiri. "Siku zangu zilipoanza." Akatoa macho. "Kwa hiyo haikuwa dawa ya Shangazi?"

"Ulikuwa mwili wako mwenyewe," muuguzi akatabasamu. "Siku zikikaribia, wasichana na wanawake wengi matiti huvimba na kuwa na vinundu vinavyouma. Hedhi ikianza, hupungua. Mtu akipaka hata maji siku hiyo, ataapa maji yamemponya."

"Sasa nifanye nini visiniume?"

"Vaa sidiria inayoshika vizuri bila kubana. Usijifunge na vitambaa. Kitambaa cha uvuguvugu hutuliza, na wengine hupenda cha baridi, jaribu uone. Siku zikikaribia punguza vyakula vya chumvi nyingi. Kahawa, chai nzito na soda nyeusi, wapo wanaopata nafuu wakizipunguza na wapo wasioona tofauti. Kula mboga, matunda na maharage, kunywa maji, usiache kutembea na kufanya mazoezi mepesi. Maumivu yakizidi njoo tukupe kidonge kinachokufaa."

"Na tangawizi?" mama akauliza.

"Tangawizi iingie kwenye kikombe na kitunguu saumu kwenye mchuzi. Kwenye ngozi vinaunguza." Muuguzi akaacha kutabasamu. "Lakini kinundu kikibaki baada ya hedhi kwisha, au kikikua, au ngozi ikawa nyekundu au ikabonyea, au chuchu ikatoa majimaji au damu, au ukapata homa, usisubiri. Njoo."

Mama wa kantini hakuambiwa arudi nyumbani. Aliandikiwa kwenda hospitali kubwa, na mama yake Chiriku akamsindikiza. Uvimbe wake ulikuwa wa kutibiwa kweli, ila ulikuwa bado mdogo, na matibabu yakaanza mapema. Shuleni naye hakukaa kimya. Siku aliyosikia mtu akiita Mgonjwa wa Chupa kwenye foleni ya kantini, aliliweka sinia chini akawaeleza wasichana wote alichoelezwa na muuguzi. Jina likafa hapohapo, na mwenzake wa dawati akarudisha begi mahali pake, uso umejaa aibu.

Aliyebaki ni Shangazi. Kwa wiki kadhaa alikula peke yake. Halafu alasiri moja aliingia chumba cha mbele, akasimama kama mteja asiyejua bei.

"Ile dawa nimeiondoa mezani," akasema. "Nimewaambia wanawake wote kwamba sikukuponya. Wengine wamenicheka. Nisamehe, mwanangu. Niliuza kitu ambacho hakikuwa changu."

Chiriku aliweka sindano chini. Bado alimpenda, na bado moyo ulimuuma, vyote kwa pamoja.

"Nimekusamehe, Shangazi," akasema. "Lakini siri yangu nyingine sitakupa."

Shangazi alitikisa kichwa kukubali, akatoka akifuta macho kwa ncha ya khanga. Chiriku akamgeukia mama, akitegemea kukemewa kwa kumjibu mkubwa vile.

Mama hakukemea. Alimvuta akamketisha karibu naye.

"Hukukosea. Msamaha umeutoa leo, kuaminiwa tena ni kazi yake yeye, na itamchukua muda. Mimi nami nina kosa langu. Kila mwezi matiti yananiuma kama yako, tangu usichana, na sikuwahi kukuambia. Nilidhani si maneno ya kusemwa. Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwili wako ni wako, na habari zake ni zako. Ukiona jambo geni, mwambie mtu mzima atakayekupeleka kwa wataalamu, si yule atakayelipeleka sokoni. Na mtu akikuomba useme uongo juu ya afya, hata awe amekulea, kataa, maana uongo huo unaweza kumuua mwingine."

"Hata ukiwa na mashati mia ya kushona, nikuambie?"

"Hata yakiwa elfu. Cherehani ina breki."

Chiriku akacheka, kisha akaanza kumsimulia mama habari za mwezi mzima, moja baada ya nyingine, na mama akasikiliza mpaka mwisho bila kugusa kazi.