Alichobeba Wilkista Chini ya Sketi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Alhamisi ya tarehe 14 Machi 1996, sketi ya Wilkista Auma ilitoa sauti ndani ya kibanda cha kusachi wanawake, mpakani Malaba. Ilikuwa sauti ndogo, kama karatasi ya mkate inapokunjwa. Roselida, mkaguzi aliyekuwa zamuni, aliisikia.

— Simama hapo hapo, wifi.

Wilkista alisimama. Mkoba wake wa nyaraka aliushika kwa mikono miwili, mbele ya nyonga.

— Umevaa nini ndani?

— Nguo.

— Nguo ngapi?

Mama mmoja muuza mayai, aliyekuwa akingoja zamu yake na trei tatu, aliangua kicheko.

— Huyo ameenda Tororo mwembamba, amerudi na makalio! Mfungueni haraka, jua linanipikia mayai.

Malaba nzima iliujua mchezo huo. Mwanamke huvuka, hujizungushia vitenge kiunoni, huvaa gauni pana, kisha hurudi Kenya akitembea kama mja mzito. Mwezi uliotangulia Roselida alikuwa amemfungua "mja mzito" mmoja akamkuta na vitenge sita na betri za redio.

— Inua sketi kidogo, alisema kwa sauti ya chini.

— Mbele ya huyu mama? Siwezi.

— Basi una kitu.

— Sina mali yoyote ya ushuru, dada.

Roselida alimtazama. Alikuwa dada mkubwa wa Ochom, fundi wa redio, na Jumamosi, siku mbili tu mbele, wazee wa Ochom walikuwa watoke Amagoro waende kwa mjomba wa Wilkista, Butula, kumwomba awe mke wa kijana wao. Roselida alichukua kalamu akaandika kitabuni: Hana kitu.

— Nimekupitisha kwa sababu ya ndugu yangu. Hii ikijulikana, atakayefukuzwa ni mimi, si wewe. Na Ochom nitamwambia.

Alichokuwa nacho Wilkista ni nepi ya mtu mzima.

Mwaka 1987, akiwa na miaka ishirini na miwili, alikaa na uchungu wa kuzaa siku tatu. Mtoto hakuishi, na kibofu kilitoboka. Daktari alilifunga tundu, lakini mkojo uliendelea kupita kidogo kidogo, mchana na usiku. Mume aliyekuwa naye alivumilia wiki sita. Ya saba alihama. Tangu hapo mtawa mmoja muuguzi, katika zahanati nje ya Tororo, alimwekea pakiti za nepi zilizoletwa na wafadhili. Wilkista alikuwa karani wa wakala wa kutoa mizigo forodhani, na kila Alhamisi ya pili alipeleka nyaraka za malori Tororo. Pakiti alirudi nayo chini ya nyaraka.

Alikuwa na taratibu zake. Alibadilisha saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, na tena saa kumi na mbili. Sketi zake zilikuwa za rangi nzito, zenye marinda. Ndani alivaa shimizi ya pamba, kwa sababu pamba humeza sauti ya plastiki. Maji alikunywa kama mtu yeyote, maana anayejinyima maji ndiye hunuka. Kwenye kiti chenye mto alikalia leso iliyokunjwa mara nne. Nepi zilizotumika alizifunga gazetini akazichoma uani kwake pamoja na takataka nyingine. Kwa miaka tisa hakuna mwingine aliyejua. Lakini Jumatano mvua ilinyesha, shimizi ya pamba haikukauka, naye Alhamisi akavaa ya nailoni.

Saa saba mchana simu ya ofisini ililia. Oyugi, mwenye ofisi, aliipokea, akasikiliza, akamnyooshea Wilkista mkono wa simu.

— Ni fundi wako. Anapumua kama mtu ametoka mbio.

Wilkista aliichukua.

— Wilki, unambebea nani vitenge?

— Sibebi vitenge.

— Dada amesikia.

— Amesikia sauti. Kitambaa hakuona.

— Sasa ulikataa kusachiwa kwa nini?

Oyugi alikuwa akifunua kurasa za faili ambalo alikuwa ameshalimaliza.

— Kwa simu hii siwezi kusema.

— Kila Alhamisi ya pili uko Tororo. Kuna mtu huko, si ndiyo?

— Kuna mtawa.

— Mtawa! Wilki, mimi ni fundi wa redio, si mtoto wa nasari.

Simu ilikatwa.

— Mambo ya Jumamosi? Oyugi aliuliza bila kuinua macho.

— Mambo ya nyaraka, boss.

Saa kumi kikaratasi kililetwa, kimekunjwa ndani ya bahasha ya fyuzi. Kilisema: "Wilki. Nimewaambia wazee wangoje. Siwezi kumpeleka baba yangu Butula kuomba mtu ambaye hata mimi sijui anabeba nini. Ukitaka kunieleza, niko dukani. Ochom."

Wilkista alikisoma mara mbili. Akinyamaza, Ochom ameshakwenda. Hilo lilikuwa limeandikwa. Akisema, huenda Ochom akaenda kama yule wa kwanza, na ifikapo Jumapili kila mtu sokoni angekuwa anaangalia sketi yake. Lakini hilo la pili lilikuwa bado halijatokea. Alikiweka kikaratasi mkobani, akaenda nyumbani kuanua shimizi.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi alikuwa mlangoni pa kibanda. Hakuwa anavuka kwenda popote.

— Nisachi, alimwambia Roselida.

— Nini?

— Jana uliandika hana kitu bila kuangalia. Leo angalia. Funga mlango, tuwe wawili.

— Wewe mwanamke una wazimu. Umeshaenda kuviuza vitenge, sasa ndiyo unaleta kiuno kitupu?

— Hakiko kitupu. Nilichokuwa nacho jana ninacho leo.

Roselida alifunga mlango. Alisachi kama alivyosachi wanawake wengine wote: mabega, kwapa, mgongo, kiuno. Alipofika kiunoni mikono ilisita. Wilkista aliinua sketi mwenyewe, na shimizi, akasimama wima akitazama kalenda ukutani.

Roselida aliangalia. Kisha alishusha shimizi, akaishusha na sketi, akayanyoosha marinda moja moja.

— Tangu lini?

— Miaka tisa.

— Mtoto?

— Hakuishi.

— Na Ochom?

— Hajui.

— Miezi kumi na minne mko pamoja, na hajui?

— Kazi ya kuficha naifanya vizuri, dada. Jana shimizi ya pamba ilikuwa haijakauka, nikavaa ya nailoni.

Roselida alikaa kwenye stuli. Alifungua kitabu, akarudi kwenye ukurasa wa jana, akayatazama maneno yake mawili.

— Kumbe niliandika ukweli.

— Uliandika ukweli bila kuujua.

— Usinifundishe kazi. Acha nikufundishe yako. Hiyo nailoni nilisikia, ndiyo. Lakini nilikuwa nimekushuku kabla hujafika mlangoni.

— Kwa nini?

— Mkoba. Unaushika mbele ya nyonga. Kila mwanamke aliyeficha kitu hapa hushika mkoba mbele ya nyonga. Sisi hatuangalii makalio, wifi, tunaangalia mikono.

Wilkista aliutazama mkoba. Miaka tisa aliushika mkoba pale akidhani unamficha.

— Nishike wapi?

— Begani. Mikono iachwe itembee.

Alivaa mkoba begani. Roselida aliinamisha kichwa, akapima kwa macho ya kazi.

— Hivyo. Sasa hata mimi ningekuacha upite. Ochom nimwambie nini?

— Usimwambie. Naenda mwenyewe.

Duka la Ochom lilinuka risasi ya kulehemu. Redio mbili zilikuwa wazi mezani. Hakusimama alipomwona.

— Umekuja na mtawa wako?

— Nimekuja peke yangu. Zima hiyo redio.

Aliizima. Wilkista alimweleza akiwa amesimama, kwa mpangilio: mwaka, siku tatu, mtoto, tundu, daktari, wiki ya saba, mtawa, nepi, nailoni. Hakulia. Alitumia dakika nne.

Ochom alikuwa ameshika bisibisi wakati wote huo. Aliiweka chini.

— Ndiyo maana hukalii ule mto niliokununulia.

— Naukalia, na leso juu.

— Mimi nikadhani ni madaha. Nikasema huyu msichana wa Butula anaona mto wangu mchafu.

— Mto wako ni mchafu pia.

Alitaka kucheka, akashindwa.

— Inauma?

— Haiumi. Ngozi hukereka nikichelewa kubadilisha.

— Na kama… watoto?

— Daktari alisema naweza kubeba, lakini nizae kwa upasuaji. Hakuahidi kitu. Nami sikuahidi.

Ochom alitazama lori likipita barabarani mpaka vumbi lake likatulia.

— Ungeniambia mapema.

— Nilimwambia mmoja mapema. Alihama wiki ya saba.

— Mimi si huyo.

— Jana ulikata simu. Kikaratasi ninacho hapa.

Alikitoa mkobani akakiweka mezani, kati ya redio mbili. Ochom alikisoma kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine.

— Nimekosa, Wilki. Nilifikiria mwanaume wa Tororo, nikaacha kufikiria kitu kingine chochote.

— Nimesikia.

— Unanisamehe?

— Wewe ndiye uliyewaambia wazee wangoje. Nenda kawaambie wasingoje. Sababu usiwape, si yao. Kesho nitakuwa Butula. Nikiwaona, nitakujibu.

Ochom alifunga duka saa tatu na robo. Mteja aliyemkuta akifunga aliulizia redio yake, akajibiwa arudi Jumatatu.

Jumamosi saa tano na dakika arubaini wageni kumi na mmoja kutoka Amagoro waliingia uani kwa mjomba Wesonga, Butula. Baba yake Ochom alitangulia, Roselida alikuwa wa mwisho, na chini ya kwapa lake alikuwa na mto mpya ambao foronya yake ilikuwa ya pamba.

— Huo ni wa nani? mjomba aliuliza.

— Wangu, mzee. Mgongo wangu ni wa kazi ya serikali.

Mazungumzo yalikuwa marefu. Msichana anapoombwa hukaa na wageni, wala hainuki mpaka aulizwe mbele ya watu wote kama anawajua. Mzee mmoja alianza na ukoo wa babu yake, akaupitia tawi kwa tawi. Ilipofika saa nane kasoro dakika tano alikuwa amefika kwa babu wa tatu. Wilkista alitazama saa yake ya mkononi mara moja tu. Mikono yake ilianza kuvuta mkoba kuja mbele.

Roselida alisimama.

— Wazee, mnisamehe kwa kukata maneno. Mimi ni mgeni hapa na tumbo langu limechafuka na safari. Naomba wifi anionyeshe choo.

— Wifi? Hajaulizwa bado! mjomba Wesonga alisema, na ua mzima ukacheka.

— Basi nikiaibika hapa, msiniulize mimi.

— Nendeni, nendeni.

Walirudi saa nane na dakika kumi. Roselida alikuwa akilalamika juu ya chakula cha njiani. Wilkista alirudi kwenye kiti chake na kukuta mto mpya umewekwa juu yake. Ochom, aliyekuwa ng'ambo ya ua kati ya wajomba, alikuwa akiangalia pembeni. Wilkista aliukalia bila leso.

Mjomba Wesonga alimgeukia.

— Mtoto wetu, hawa wageni unawajua?

— Ninawajua.

— Wote?

Wilkista alimtazama Ochom, kisha Roselida.

— Wote, mjomba. Na wao wananijua.

Saa nane na dakika kumi na nne soda ya kwanza ilifunguliwa. Mkoba wa Wilkista ulikuwa begani.